Protoni, linaki, CyberKnife au kaboni? Uvimbe wa kitako cha fuvu na uti wa mgongo, uende wapi

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama majibu ya kinyama (kile kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara) yamesema kodoma au kondrosakoma, saratani mbili adimu za mifupa na gegedu, na uvimbe umekaa kwenye kitako cha fuvu au umebanana na ugwe mgongo (ule mshipa mkuu wa fahamu ndani ya uti wa mgongo), protoni ni kitu cha kukitafuta hata kama kiko mbali na hata kama ukoo mzima itabidi uchange. Kama ni saratani ya titi au tezi dume iliyosambaa mpaka mgongoni, usiuze kiwanja, mionzi ya kawaida inafanya kazi hiyo vizuri. Katikati ya hapo kuna watu kibao na ndo nawaandikia hao, maana kwenye magrupu ya familia protoni inatajwa kama vile ni dozi kali kuliko zote duniani, na ukali hauhusiani kabisa na habari hii.

Mionzi ya linaki, ile mashine ya kawaida ya mionzi hospitalini, ni fotoni, yaani eksirei zenye nguvu kubwa. Zinaingia upande mmoja wa mwili, zinapita kwenye uvimbe, zinatokea upande wa pili, na njia nzima zinaacha dozi, ka daladala linaloshusha abiria kila kituo. Protoni, ambayo ni chembe ya kiini cha atomu, inaenda na abiria karibu wote mpaka kituo cha mwisho, inawamwaga pale, halafu haiendelei. Mwanafizikia Bragg aliiona tabia hii ya chembe tangu 1904, akiwa anachunguza chembe za alfa, na mwaka 1946 Robert Wilson akaandika kwamba kitu hiki kinaweza kutumika kutibu watu. Wagonjwa wa kwanza walitibiwa Berkeley, California, 1954. Mashine za sasa zinarusha protoni za nguvu ya kati ya MeV 70 na 230 (MeV ni kipimo cha nguvu ya chembe), na ukiwa na 230 unafika kina cha sentimita kama 32, kwa hiyo hakuna sehemu ya mgongo isiyofikika.

Lakini grei (kipimo cha dozi ya mionzi) ya protoni na grei ya fotoni, kwa uvimbe, karibu ni kitu kilekile. Madaktari wanazidisha kwa 1.1 tu, tofauti ya asilimia 10, na hata hiyo wanaiingiza kwenye hesabu tangu mwanzo. Mtu akikwambia protoni inaua saratani mara tano zaidi, muulize kaipata wapi. Faida yote iko kwenye kile ambacho HAKIPIGWI.

Sasa kwanini kitako cha fuvu ndo imekuwa hoja kubwa ya protoni? Kodoma inatokana na mabaki ya notokodi, ule uzi ambao mtoto akiwa tumboni ndo unaelekeza uti wa mgongo ujijenge wapi. Ni ugonjwa adimu sana, kama mtu 1 kwa kila milioni kwa mwaka, na unakua polepole, unapenda zaidi ncha mbili za mstari wa mgongo, yaani juu kwenye fuvu na chini kwenye sakramu. Ule wa juu unakaa kwenye mfupa wa klivasi nyuma kabisa ya pua, mbele tu ya shina la ubongo, na dalili ambayo watu wengi wanaanza nayo ni kuona vitu viwiliviwili kwa sababu neva ya sita imebanwa na jicho haligeuki kwenda nje. Wengi wanazungushwa kwa wauza miwani kwanza.

Shida ya kodoma ni kwamba haitishwi na dozi ndogo. Inataka grei 70 na kitu, vituo vingi vinapiga 74 hivi, kondrosakoma inaridhika na 68 mpaka 70. Shina la ubongo lililo jirani yake mpaka wake ni kama 54, labda ngozi yake ya juu ikavumilia 60 na kidogo. Neva za macho nazo ni 54 au 55. Ugwe mgongo ni 45 mpaka 50, ukipita hapo unaanza kucheza na kupooza. Kwa hiyo unatakiwa kupeleka 74 sehemu moja na 54 sehemu iliyo milimita chache pembeni, na hapo ndo inaeleweka kwanini watu wanahangaika na mashine ya tani 200.

Matokeo yakoje? Massachusetts General kule Boston ndo waanzilishi wa kutibu uvimbe huu kwa protoni, wakitumia saiklotroni (mashine ya kuzipa protoni kasi) ya Harvard, na takwimu zao za 1999 zilionyesha kwamba baada ya miaka 5 uvimbe ulikuwa umedhibitiwa kwa asilimia 73 kwa kodoma ya fuvu na 98 kwa kondrosakoma. PSI, taasisi ya utafiti ya Villigen, Uswisi, ambao ndo walioendeleza ile staili ya kupaka dozi nukta kwa nukta kwa miale myembamba, walitoa zao 2016 kwa wagonjwa 222: baada ya miaka 7, karibu asilimia 71 kwa kodoma na karibu 94 kwa kondrosakoma. Angalia hizo namba vizuri. Kondrosakoma ukiitibu sawasawa unalala usingizi. Kodoma hata kwa mashine bora duniani, watu kama 3 kati ya 10 inawarudia, na hilo waganga wa mitandaoni hawalisemi.

Upande wa linaki sasa. Nisiwe mnafiki: hakuna utafiti uliowagawa wagonjwa wa kodoma kwa kura, hawa protoni hawa linaki ya kisasa, tukaona nani kashinda. Linaki ya miaka ya 80 ilikuwa inaishia dozi ya 50 au 60 na matokeo yalikuwa mabaya, hilo ndo lililoipa protoni jina. Linaki ya leo yenye IMRT au VMAT (mbinu za kompyuta za kuchonga dozi ifuate umbo la uvimbe), yenye picha za CT kila siku kabla ya kupiga, ni mnyama mwingine, inaweza kukunja dozi kuzunguka ugwe mgongo kwa kiasi cha kushangaza. Inachoshindwa ni zile dozi ndogondogo na za kati zinazotawanyika kwenye ubongo mzima, kwenye tezi, kwenye utumbo. Kwa mzee wa miaka 70 mwenye meninjioma (uvimbe wa utando wa ubongo) ndogo chini ya fuvu, inayohitaji grei 54 tu, huo mtawanyiko sijui kama utamsumbua maishani, mimi ningemtibu karibu na nyumbani tu. Ocean Road ya Dar es Salaam wana linaki tangu 2018, Nairobi zipo, Kampala zipo, Kigali zipo. Kwa kijana wa miaka 25 mwenye kodoma hesabu ni nyingine kabisa.

Na kwa mtoto ni nyingine zaidi. Medulloblastoma, saratani ya ubongo inayopata zaidi watoto, na zile saratani ambazo lazima upige ubongo wote na uti wa mgongo wote kuanzia juu mpaka chini, fotoni zikitokea mbele zinapita kwenye moyo, mapafu, koo, utumbo, kwa mtoto ambaye bado ana miaka 60 au 70 ya kuishi na madhara hayo. Protoni inaishia kwenye pingili. Hapa sibishani na mtu, kama kuna kituo cha protoni kinachofikika na mtoto ana hali ya kusafiri, ni protoni. Ila kama safari itachelewesha mionzi kwa miezi kwa sababu ya viza na michango, linaki ya leo inaishinda protoni ya miezi minne ijayo.

CyberKnife na Gamma Knife watu wanazichanganya na protoni kila siku. Zote mbili ni fotoni. Gamma Knife ni ya Lars Leksell wa Stockholm, mgonjwa wa kwanza 1968, vyanzo vya kobalti karibu 200 vyote vinaelekea nukta moja. CyberKnife ni linaki ndogo iliyofungwa kwenye mkono wa roboti. Uzuri wake ni kwamba kazi inaisha kwa siku 1 mpaka 5 badala ya wiki 7, na kwa sisi wa Afrika Mashariki iko karibu, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta wanayo CyberKnife. Inafaa uvimbe mdogo, kwa Gamma Knife watu wanapenda usizidi sentimita 3, wenye mipaka iliyo wazi, usiogusana na neva ya macho, kwa sababu neva hiyo kwa pigo moja inavumilia grei 8 mpaka 10 tu. Shwanoma ya sikio (uvimbe wa neva ya sikio), meninjioma ndogo, kasehemu ka kodoma kalikorudi baada ya matibabu ya kwanza, sawa kabisa. Kodoma kubwa iliyotambaa klivasi yote na kuzunguka mishipa ya damu, hapana, na daktari anayesema ndiyo kwa sababu mashine anayo yeye basi mwombe maoni ya pili kwa upole.

Kaboni ndo ngazi ya juu ya protoni kwa watu wenye uvimbe sugu. Ayoni za kaboni ni nzito, zinavunja DNA kwa namna ambayo seli haiwezi kujishona kirahisi. Wajapani walianza Chiba 1994, Ulaya kuna Heidelberg, Pavia na Wiener Neustadt. Eneo ambalo kaboni imejitengenezea jina ni kodoma ya sakramu isiyokatika, ile ambayo ukifanya upasuaji mgonjwa anabaki bila kudhibiti haja zote mbili. Wajapani wanapiga mara 16 kwa wiki 4 bila kisu, na kwa wagonjwa 188 walioripotiwa 2016, miaka 5 baadaye uvimbe ulidhibitiwa kwa asilimia 77. Kwa fuvu, kaboni na protoni bado zinapishana kidogo sana, sioni sababu ya kuivuka India kwenda Japani kwa ajili ya klivasi.

Nirudi kwenye uti wa mgongo maana huko kuna kitu ambacho familia hazikisikii mpaka kimeshapita: vyuma. Mgonjwa anapooza ghafla, anakimbizwa, daktari anaondoa uvimbe anaoweza na kufunga skrubu na fito za titani ili pingili zisiporomoke. Kaokoa miguu, hongera yake. Miezi miwili baadaye mnapeleka faili kituo cha protoni na jamaa wanakuna kichwa. Kwenye CT ile titani inatoa miale myeusi na myeupe inayofuta kila kitu pembeni yake, na protoni inapopita kwenye chuma inasimama mahali pengine tofauti na ilivyopangwa. PSI waliripoti 2011 wagonjwa 40 wa kodoma za mgongo, na waliokuwa na vyuma uvimbe uliwarudia sana kuliko wale wasio navyo. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wenye vyuma ndo waliokuwa na uvimbe mbaya zaidi, lakini vyuma vyenyewe vina lawama yao. Siku hizi kuna vifaa vya kaboni-faiba ambavyo havisumbui picha. Kwa hiyo kama upasuaji si wa dharura ya leo leo, mwombe mpasuaji aongee na watu wa mionzi KABLA hajafunga chochote, aulize kaboni-faiba inapatikana, na kama ni titani basi ajaribu kuziweka mbali na pale uvimbe utakapobaki. Na kama titani imeshawekwa na hazitoki, linaki inakuwa mshindani wa kweli wa protoni, kwa sababu fotoni haishtuki sana na chuma.

Kwenye fuvu pia mpasuaji ndo anaamua nusu ya matokeo. Uvimbe uliobaki mkubwa, zaidi ya sentimita za ujazo 25, au uliobaki umekandamiza shina la ubongo, unafanya vibaya hata kwa protoni, kwa sababu pale panapogusana hakuna mtu atakayethubutu kupeleka 74. Kazi ya upasuaji, mara nyingi kupitia puani kwa kamera, ni kutengeneza hata milimita 2 au 3 za nafasi. Ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu ningetafuta kwanza mpasuaji aliyezoea klivasi, halafu mashine.

Tena protoni ina udhaifu wake ambao wauzaji hawauweki kwenye bango. Ile sehemu inayosimamia haijulikani kwa uhakika wa asilimia 100, kuna mashaka ya kama asilimia 3 na kidogo ya kina, kwa sentimita 10 ni milimita 3 na ushee. Ndo maana mpangaji mzuri halengi protoni isimame moja kwa moja mbele ya shina la ubongo, anatumia ubavu wa mwale kulinda pale. Na mwale ukienda kina kirefu sana ubavu wake unatanuka, kwenye kina hicho fotoni inaweza kuwa na ukingo mkali kuliko protoni. Ngozi pia inapata dozi zaidi kwenye protoni, kwa mtu wa sakramu ule wekundu na kuchubuka juu ya makalio ni wa kweli, mjiandae na namna ya kukaa.

Halafu mafua. Unaweza kucheka, ila mgonjwa wa klivasi akipata mafua, zile nafasi za hewa nyuma ya pua zinajaa kamasi, protoni iliyohesabiwa ipite kwenye hewa sasa inapita kwenye maji, inasimama kabla ya kufika. Vituo makini vinarudia CT kila wiki au mbili ili kulikamata hilo. Muulize hilo swali daktari wa kituo unachokichunguza na usikilize anavyojibu, utajua kama hao ni watu wa kazi au wana mashine tu.

Kitandani kwenyewe kukoje, maana hiki ndo wagonjwa wanakiogopa. Siku ya kwanza hawapigi mionzi. Wanachukua karatasi ngumu ya plastiki yenye matundu, wanailoweka kwenye maji ya moto mpaka ilegee, wanaivuta juu ya uso mpaka chini ya kidevu, ina joto na unyevu kama taulo la kinyozi, na ndani ya dakika chache inaganda na kubana na klipu kwenye kitanda. Kila siku utafungwa humo humo. Ukitoka una alama za vimraba kwenye paji la uso kwa saa nzima. Mionzi yenyewe huisikii, haiumi, haina harufu, muda mwingi unaotumika ni wa kukupanga kwa picha mpaka usawa wa milimita, dakika 30 au 40, halafu mwale wenyewe ni dakika chache. Linaki ni hivyohivyo ila kwa ufupi zaidi. Mwenye hofu ya kubanwa aseme mapema, kuna dawa ya kutuliza, asivumilie kimya siku ya kwanza akagoma ya pili. Watoto wadogo wanalazwa usingizi kila siku, ulizeni kama kituo kina daktari wa usingizi wa watoto muda wote.

Pesa na umbali. Afrika Mashariki protoni hakuna. Barani Afrika ilikuwepo kwenye maabara ya iThemba karibu na Cape Town tangu 1993, lakini huduma kwa wagonjwa ilishasimama. Kwa watu wetu njia iliyozoeleka ni India: Apollo ya Chennai ilianza 2019, ina vyumba 3, na Tata Memorial wana yao Navi Mumbai tangu 2023. Marekani bei ni mara kadhaa ya India na sioni ubora wa ziada unaolipia pengo hilo, labda kama una bima ya huko. Walioko Uingereza wasihangaike, Manchester ilifunguliwa 2018 na London 2021, na ni bure kwa wenye haki ya NHS kama ugonjwa uko kwenye orodha yao, na kodoma upo. Kabla ya hapo hata Waingereza nao walikuwa wanasafirishwa Florida na Uswisi, kwa hiyo kusafiri kufuata protoni si ushamba wetu peke yetu.

Kwenye bajeti watu wanaandika gharama ya mashine wanasahau wiki 7 au 8 za chumba, chakula, msindikizaji, na siku za mwanzo za kupangwa ambazo hupigwi chochote. Weka wiki 10 kamili. Na viza ya matibabu iwe ya muda huo, sio ya mwezi.

Kabla ya kuchangisha hata shilingi, kinyama kisomwe tena na patholojisti wa pili. Kodoma na kondrosakoma zinafanana kwenye darubini, kuna kipimo cha brakiuri kinachozitenganisha, kodoma inakubali na kondrosakoma inakataa, na tofauti hiyo inabadilisha dozi na matumaini. Kwa huku kwetu niongeze: pingili zilizolika na usaha pembeni inaweza kuwa TB ya mgongo, inayopona kwa vidonge. Jamani msimpandishe mtu ndege kwa picha ya MRI peke yake.

Faili la kutuma liwe na picha zenyewe za MRI na CT kwenye diski, sio zile filamu zilizopigwa picha na simu, za kabla na za baada ya upasuaji, ripoti ya upasuaji inayosema vyuma gani vimewekwa, na bloku ya nta ya kinyama. Omba kituo kitengeneze mipango miwili kwa mgonjwa huyohuyo, wa protoni na wa linaki, kisha wakuonyeshe dozi kwenye shina la ubongo, neva za macho, koklea (kiungo cha kusikia ndani ya sikio) na tezi ya pituitari (tezi ya homoni chini ya ubongo). Wenye protoni wengi wana na linaki kwenye jengo hilohilo, hilo wanaweza. Kama kwenye ile mipango miwili tofauti ni grei 2 au 3 kwenye viungo visivyo na shida, rudi nyumbani utibiwe kwa linaki na hela iliyobaki iende kwenye MRI za ufuatiliaji, kila miezi 6 kwa miaka ya mwanzo halafu kila mwaka, kwa muda mrefu sana, kwa sababu kodoma inaweza kurudi hata baada ya miaka 10. Homoni pia zipimwe kila mwaka, mgonjwa anayechoka ovyo miaka 3 baada ya mionzi ya fuvu mara nyingi ni tezi ya pituitari imelegea na inatibika kwa vidonge.